Wodi ya kangaruu: nimeipa nyota nne, na hii ya tano naeleza kwa nini nimeinyima

Naanza na hukumu kabisa, asiye na muda aondoke nayo. Ukijifungua njiti, yaani mtoto aliyekuja kabla ya wakati wake, na ukawa na nafasi ya kuchagua, kati ya hospitali ya kishua yenye inkubeta zinazong'aa ila mwanao unamwona kupitia kioo, na hospitali ya rufaa ya mkoa yenye rangi iliyobanduka ukutani ila ina wodi ya kangaruu (mama anambeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi) inayofanya kazi kweli, nenda kwenye rangi iliyobanduka. Mtoto akihitaji mashine ya kumsaidia kupumua hiyo ni habari nyingine, hapo fuata anachosema dokta, mimi naongelea hawa wetu wadogo wanaojitahidi wenyewe lakini bado hawajafika. Jina la hospitali silitaji, maana humu humu nitasifu na nitalalamika na kadi yetu ya kliniki bado iko kwao.

Wa kwangu alikuja na gramu 1,420, wiki 31, presha ilinipanda ikawa haishuki ikabidi atolewe. Kabla ya thieta nikachomwa zile sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na nazitaja mapema kwa sababu habari yote ya homoni inaanzia pale. Ile dawa, deksamethasoni, ni ndugu wa kortisoli, homoni ya stresi ile ile tunayosikia inasemwa vibaya kila siku. Wiki za mwisho za mimba mtoto mwenyewe huanza kutoa kortisoli kwa wingi kutoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo zake, na ndo inayoyaambia mapafu, ini na utumbo vijiandae maana safari imekaribia. Njiti anatoka kabla ya hilo tangazo. Daktari mmoja wa New Zealand, Graham Liggins, aliligundua hili kwa kuchunguza kondoo miaka ya 1960, na mwaka 1972 yeye na mwenzake Ross Howie wakatoa matokeo ya kuwachoma sindano akina mama wa Auckland, watoto wakazaliwa na mapafu yaliyo tayari zaidi. Kwa hiyo nikisema huko mbele kwamba stresi inaharibu hiki na kile, msichukulie kwamba kortisoli ni sumu, bila hiyo binti yangu asingepumua vile alivyopumua. Swali ni kiasi gani, wakati gani, na inakaa juu kwa muda gani.

Halafu kuna kitu nilikuwa sikijui kabisa mpaka dokta mmoja kijana (Mungu ambariki, alikaa kitandani kwangu akaeleza kama anaongea na dada yake) alipoeleza kuhusu kondo la nyuma. Kondo lina kimeng'enya kinachoizima sehemu kubwa ya kortisoli ya mama kabla haijamfikia mtoto, ndo maana ukigombana na konda asubuhi mtoto tumboni hapati kichapo chote. Deksamethasoni inapita kwa sababu kile kimeng'enya hakiiwezi. Sasa mtoto akishatoka, ile ngao haipo tena. Anachomwa kisigino, taa zinawaka usiku kucha, mashine zinalia, anabebwa na mikono asiyoijua, na yote hayo anayapokea mwenyewe wakati ubongo bado unajengwa, maana miezi ile ambayo alitakiwa kuwa gizani tumboni ndo miezi ambayo ubongo unakua kwa kasi kubwa mno. Huko Vancouver, Kanada, mtafiti anaitwa Ruth Grunau amefuatilia njiti kwa miaka mingi na kuona kwamba waliochomwa-chomwa sana wakiwa wadogo, kortisoli yao huko mbele inakwenda tofauti na ya watoto wengine.

Haya, wodi yenyewe. Ni chumba kirefu, vitanda vimepangwa pande mbili, kila kitanda kimeinuliwa kichwani kwa matofali maana vile vya kukunja havitoshi, pazia ni za kitenge, na kuna joto, aisee joto, feni ipo ila haiwashwi ili watoto wasipigwe na upepo. Mlangoni kuna sinki na sabuni na sista anakuangalia unawe mpaka viwiko, hata kama umetoka kunawa dakika mbili zilizopita. Hapo sina ubishi, usafi nawapa kumi kwa kumi.

Sista aliyenipokea ni mama mtu mzima, nadhani anakaribia kustaafu.

"Vua gauni la juu na sidiria, mama. Huyu hataki nguo yako, anataka ngozi."

"Shikamoo sista. Nina mshono, naogopa atanigusa."

"Marahaba. Mshono uko chini huko, mwenzio anakaa juu. Vua."

Akampachika katikati ya matiti, kasimama wima hivi, miguu imekunjwa kama chura, mikono huku na huku, kavalishwa pampasi na kofia na soksi tu. Kichwa akakigeuza upande, kidevu akakiinua kidogo sana kwa kidole kimoja ili njia ya hewa isijikunje, halafu akazungusha kitenge mara mbili kwa nguvu ambayo sikuitegemea, ukingo wa juu ukakaa chini kidogo tu ya sikio la mtoto, fundo akalipeleka ubavuni ili nikilala lisinichome mgongo. Akavuta, akajaribu kupitisha vidole, akaniambia nivute pumzi, niinuke, nitembee. Mtoto hakucheza hata kidogo. Hilo fundo nimelifanya na mwenyewe nyumbani mara nyingi tu na halijawahi kukaa kama la yule mama.

Na kitu ambacho picha hazikuonyeshi ni kinachotokea baada ya hapo. Alikuwa anapumua kwa kuruka-ruka, haraka haraka halafu kimya halafu haraka, mkono umekunjwa ngumi na paji la uso limekunjamana kama mzee anayedaiwa. Baada ya muda ngumi ikafunguka, kidole kimoja kimoja. Pumzi ikatulia ikawa inafuata ya kwangu.

Huduma hii haikutoka Ulaya, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey Sanabria, hospitali imejaa, inkubeta hazitoshi, watoto wanalazwa wawili wawili wanaambukizana, akaona bora mama mwenyewe awe inkubeta. Kwa miaka mingi ikachukuliwa ni tiba ya maskini, ya kungojea mashine zije. Mpaka mwaka 2021 ndo yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika hospitali tano, Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, watoto 3,211 wenye kilo moja mpaka chini kidogo ya 1.8. Waliowekwa kifuani mara moja bila kusubiri watulie walifariki 12 kati ya kila 100, waliosubiri kwanza kwenye mashine kama kawaida walifariki karibu 16, utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu ingekuwa dhambi kuendelea kuwanyima wengine. Mwaka uliofuata shirika likatoa mwongozo, kangaruu ianze mara tu baada ya kuzaliwa, saa 8 mpaka 24 kwa siku. Kwa hiyo ukikuta hospitali inakwambia kangaruu ni mpaka mtoto afike kilo mbili au mpaka "atulie kwanza", hao wamebaki nyuma.

Hayo ni ya kuishi au kufa, ila kilichonifanya niandike ni ya miaka ishirini mbele. Ngozi inafanya nini kwenye homoni? Tuanze na panya, mnivumilie. Kule Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Saul Schanberg na Cynthia Kuhn waliwatenga vitoto vya panya na mama zao, wakaona homoni ya ukuaji inaporomoka na kortisoli yao ya kipanya inapanda, na ukiwapa joto peke yake haisaidii. Wakachukua brashi ya kupakia rangi, wakailowanisha, wakawapapasa kwa nguvu kidogo jinsi mama panya anavyowalamba, homoni ikarudi. Brashi tu! Tiffany Field wa Miami akalipeleka kwa binadamu, mwaka 1986 akachapisha kwamba njiti waliokandwa dakika 15 mara tatu kwa siku kwa siku 10 waliongezeka uzito kwa asilimia 47 zaidi ya wenzao kila siku na wakatoka hospitali mapema kwa siku sita. Nilivyomsomea mama yangu akacheka, akasema bibi zenu Tanga wamekanda watoto kwa mafuta ya nazi toka lini, leo ndo mnaletewa karatasi. (Ila mama, bibi walikuwa wanavuta na kunyoosha viungo pia, hiyo kwa njiti HAPANA, sista alinikataza kwa ukali.)

Na kule Montréal, Michael Meaney na wenzake wakaona panya waliolambwa sana utotoni wanakua na vipokezi vingi zaidi vya hiyo homoni ya stresi kwenye sehemu ya ubongo inayoiambia "inatosha, zima". Wakishtuliwa wanashtuka, halafu wanatulia upesi. Wasiolambwa wanabaki juu. Na ukimchukua mtoto wa panya asiyejali ukamkabidhi kwa panya anayelamba, anakua kama mlezi wake, kwa hiyo siyo damu tu.

Mtasema binadamu siyo panya, sawa. Israel, Ruth Feldman alifuatilia njiti 146, nusu walikaa kifuani kwa mama saa moja tu kila siku kwa wiki mbili, nusu walikaa inkubeta. Walipofika miaka 10, wale wa kifuani stresi yao ilikuwa imetulia zaidi, usingizi wao mzuri zaidi, na uwezo wa kujizuia na kupanga mambo juu zaidi. Bogotá nako waliwatafuta wale watoto wa miaka ya 1990 wakiwa na umri wa miaka 20, wa kangaruu walikuwa na utoro mdogo shuleni na hawakuwa wakorofi na wenye vurugu kama wenzao. Saa moja kwa siku jamani. Mimi nilikaa naye mchana na usiku mpaka ngozi ya kifua ikatoka vipele vya joto.

Upande wa pili wa shilingi ni Romania, ambako watoto walilelewa kwenye vituo, mlezi mmoja vichanga kibao, wanalishwa wanabadilishwa nepi na hakuna wa kuwabeba. Kuanzia mwaka 2000 watafiti wa Marekani, Nelson, Fox na Zeanah, waliwachukua watoto 136 wa vituo vya Bucharest, nusu wakapelekwa kwenye familia za malezi kwa kura. Waliobaki kituoni, umeme wa ubongo wao ulikuwa chini, na wakikutana na jambo la kushtua mwili wao hauitiki vizuri, yaani kortisoli ambayo ilitakiwa ipande haipandi ipasavyo, mfumo umepooza. Waliotolewa kabla ya miaka miwili hivi ndo walirudi karibu zaidi na wenzao. Nilisoma hii saa tisa usiku na mtoto kifuani na nikaanza kulia kama mjinga, mama wa kitanda cha jirani akaniuliza vipi mwenzangu, mtoto mzima? Nikamwambia mzima, nasoma tu.

Sasa hapa ndo naitoa nyota. Wodi nzima imejengwa ili kushusha stresi ya mtoto, halafu mama anayembeba huyo mtoto anapigwa stresi kutoka kila kona. Sera inasema watoto chini ya miaka mitano bure, ila nilitumwa dukani kununua mrija wa kulishia na glovu, na karatasi ya bili ilikuwa inaletwa wakati nakamua maziwa, yaani wakati ule ule. Jamani maziwa yanashushwa na homoni inaitwa oksitosini, na oksitosini ikikutana na hofu inagoma! Kuna sista mmoja wa zamu ya usiku (siyo yule mama mtu mzima) alikuwa anafoka, "nyie akina mama wa njiti mnalala kama mko hotelini," na nakwambia baada ya zile kelele kikombe changu cha maziwa ambacho kwa kawaida kinafika alama ya pili kilikuwa kinaishia chini kabisa. Siyo hisia, dada wawili wa pembeni yangu na wao hivyo hivyo. Tuliandika kwenye sanduku la maoni. Sijui kama lina ufunguo.

Na akina baba. Mume wangu alikuwa anazuiwa getini isipokuwa saa ya kuona wagonjwa, na hata akiingia anasimama mlangoni kama mgeni. Kifua cha baba kina joto vile vile, ngozi ni ngozi, mimi ningepata saa mbili za kuoga na kulala kitanda kilichonyooka. Alipomwomba mkuu wa wodi alijibiwa kwamba kuna akina mama wako matiti wazi mle, na kiukweli hoja hiyo naielewa, ila pazia zipo, pangeni hata kona moja. Nimesikia hospitali nyingine wanaruhusu.

Chakula, pita haraka: ugali maharage, jioni ugali maharage. Familia ilete.

Mizani ndo sehemu ambayo wodi ile ilinifurahisha na ikanitisha kwa pamoja. Kila asubuhi mtoto anapimwa, sista anasoma gramu kwa sauti, mama mwenyewe anaangalia anavyoandika kwenye daftari. Ikipanda wodi nzima inapiga vigelegele. Ikishuka kimya. Na hapo ndo mabibi wanapoingia na ushauri wa uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe, "mjukuu wangu mbona kama kijiti, mpe kitu kizito anenepe." Mama mkwe wangu nampenda sana ila alitaka mtoto awe bonge ndani ya mwezi.

Mambo ya uzito yana historia ndefu. Kule Hertfordshire, Uingereza, kuanzia mwaka 1911 wakunga walikuwa wanaandika uzito wa kila mtoto akizaliwa na akitimiza mwaka, kwenye madaftari kama la wodi yetu tu, na miaka mingi baadaye David Barker akayafukua, mwaka 1989 akaonyesha kwamba wanaume waliokuwa wadogo zaidi ndo waliokufa zaidi kwa moyo. Uholanzi nako, baridi ya 1944 kuamkia 1945, Wajerumani walizuia chakula, watu wakaishi kwa mgao wa chini ya kalori 1,000 kwa siku, na watoto waliokuwa tumboni wakati ule walipokuwa watu wazima sukari yao ikawa haikai sawa. Na msidhani ni ya wazungu, watu wa Enugu, Nigeria, waliokuwa tumboni au wachanga wakati wa njaa ya vita vya Biafra, 1967 mpaka 1970, walipimwa wakiwa na miaka 40 hivi, presha na sukari zilikuwa juu kuliko za waliozaliwa baada ya vita. Mwili ulijipanga kwa ajili ya uhaba, kutunza kila tone la mafuta, halafu ukakutana na chipsi na soda.

Kwa hiyo njiti yuko kwenye mtego, na hapa ndo nilitaka wodi inieleze na haikunieleza, nilichimba mwenyewe. Uingereza walichukua njiti wa miaka ya 1980, wengine wakapewa maziwa ya kopo ya kawaida, wengine ya njiti yenye lishe iliyoongezwa. Upande wa ubongo, Alan Lucas na wenzake waliona waliopata lishe iliyoongezwa, hasa wavulana, walikuwa na akili ya darasani nzuri zaidi walipofika miaka saba nane. Upande wa sukari, watoto wa utafiti ule ule walipopimwa wakiwa miaka 13 mpaka 16, waliokua kwa kasi sana wiki mbili za mwanzo ndo walikuwa na dalili za insulini kutofanya kazi vizuri. Ubongo unataka haraka, kongosho linataka taratibu. Dokta wangu alisema kwa njiti wanatanguliza ubongo, lazima akue, ila anakua kwa maziwa ya mama yaliyokamuliwa na kufuata ile mistari ya kwenye kadi, na akishaufikia mstari wake hakuna sababu ya kumsukuma avuke mistari mingine yote ili majirani waseme ana afya. Hayo maneno yangechapishwa karatasi moja yakabandikwa juu ya mizani, mabibi wote wakayasoma, nyota ya tano ingekuwa karibu sana.

Wakati wa kutoka tulipewa maelezo ya kama dakika tano hivi: endelea kumbeba, njoo kliniki, asipate mafua. Hakuna aliyenieleza dalili za hatari kwa mpangilio, yaani akiacha kunyonya, akiwa baridi, akipumua huku kifua kinabonyea, akiwa wa njano mpaka nyayo. Nimeandika mimi hapa kwa ajili ya anayefuata.

Vifuko vya kangaruu vinavyouzwa mtandaoni vile vya mikanda na vifungo, nilinunua kimoja, bei ya vitenge vitatu vizuri. Kinapendeza kwenye picha. Kwa mtoto wa kilo na nusu kilikuwa kipana, anateleza, kidevu kinaangukia kifuani na hiyo ni hatari kwa pumzi, nikakiweka mpaka alipofika kilo tatu. Kitenge cha pamba kilichofuliwa mara nyingi kikalainika ndo mpango, kile kipya chenye wanga kinakwaruza.

Walioajiriwa, sheria ya kazi ilifanyiwa marekebisho mwaka 2025, ukijifungua njiti unaongezewa muda mpaka zile wiki za mimba zifike 36 ndo likizo yako ya kawaida ianze kuhesabiwa, kwa hiyo mwombe dokta aandike wiki za mimba wazi kabisa kwenye karatasi ya kutokea, siyo "njiti" peke yake. HR wa kwangu alikuwa hajui, nilimpelekea mwenyewe.

Beba vitenge vinne visivyo vipya, kofia mbili za kusokota, soksi, magauni ya kufunguka mbele, kikombe kidogo chenye mfuniko na alama, ndala za bafuni, na mto wako wa nyumbani maana ile mito yao ni migumu. Kliniki ya njiti namba zinatolewa asubuhi mapema na ukifika saa mbili umechelewa, kaa benchi la upande wa kulia, la kushoto ni la chanjo na watakuzungusha.